Kabla Hatujasifia Shule za Wafini, Tuulize Lugha na Shamba

Kila mwezi wa tatu ripoti ya furaha ikitoka magrupu yanajaa Ufini tena, namba moja duniani, na tangu 2018 hawajashuka pale juu, halafu mjadala unaenda kulekule kila mwaka: huyu anasema ni shule zao hazina mitihani ya kukomoa watoto, yule anasema wapo wachache tu, milioni tano na laki sita, mwingine anasema ni hela basi. Mimi nimeishi huko miaka minne, mji wa Jyväskylä, nasoma mchana na usiku nafanya usafi kwenye maofisi, na kila nikiusoma huo mjadala naumia kwa sababu tunaianza stori mwishoni. Tunaikuta nyumba imeshapigwa rangi tunauliza rangi imenunuliwa duka gani, msingi hatuuongelei kabisa.

Ninachoamini mimi ni hiki. Shule ya Ufini imekaa juu ya vitu viwili vilivyotangulia, cha kwanza ni maskini kuikuta lugha yake ndani ya ofisi ya serikali, cha pili ni maskini kupata kipande cha shamba chenye jina lake. Vyote viwili vilichelewa, na vyote vililipiwa kwa makaburi mengi sana.

Tuanze na ardhi yenyewe maana watu wanadhani ni nchi iliyobarikiwa toka zamani. Barafu nene ya kilomita mbili tatu ililala juu ya ile nchi, ilipoyeyuka miaka kama elfu kumi iliyopita ikaacha mawe, vinamasi na maziwa, wameyahesabu wakapata maziwa 187,888 ukichanganya na vile vidogo vya mita za mraba 500. Robo tatu ya nchi ni msitu. Na ardhi bado inapanda mpaka leo, kama godoro ulilolalia linavyorudi juu taratibu ukiinuka, kule pwani ya Kvarken karibu na Vaasa inapanda karibu milimita 9 kila mwaka, kwa hiyo mtu anarithi banda la mtumbwi la babu yake anakuta maji yameshahama. Kwa mgeni ni pazuri mno. Kwa mkulima wa zamani yalikuwa mateso, kiangazi kifupi, udongo wa mawe, na sakitu, ile baridi inayounguza mazao kwa usiku mmoja, watu wa Njombe na Limuru wanaijua, mahindi ya mtu huko kwetu yanaharibika kidogo lakini kule ikija mwezi wa nane au wa tisa shayiri yote imekwisha na hakuna msimu wa pili.

Mwaka 1867 barafu ilikataa kutoka kwenye maziwa mpaka mwezi wa sita, watu wakachelewa kupanda, na mwanzoni mwa mwezi wa tisa sakitu ikapiga. Mavuno ya miaka ya nyuma yalikuwa mabaya tayari. Watu wakachukua gamba la ndani la msonobari wakalikausha, wakalisaga, wakachanganya na unga kidogo uliobaki wakaoka mkate, wenyewe wanauita pettuleipä. Familia nzima nzima zikatoka kwenda kuomba barabarani, na huko barabarani na kwenye majumba walikobanana ndo homa zikawamaliza. Kati ya 1866 na 1868 walikufa watu kama laki moja na nusu, kwenye nchi isiyofika hata watu milioni mbili, yaani kama 8 katika kila 100. Hiyo ndo Ufini ambayo bibi zao wa bibi zao waliikumbuka. Nilipoonja huo mkate wa gamba, siku hizi wanauoka kidogo kwa kumbukumbu, ulikuwa mchungu na unakwama kooni, na mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa karibu na mimi hakuugusa kabisa.

Sasa lugha. Karibu miaka 600 Ufini ilikuwa sehemu ya Uswidi, na Kiswidi ndo kilikuwa cha hakimu, cha ofisa wa kodi, cha profesa na cha mfanyabiashara mkubwa wa Turku. Kifini kilikuwa cha shambani, jikoni na kanisani. Mikael Agricola alitoa kitabu cha kujifunzia kusoma kwa Kifini mwaka 1543 na Agano Jipya mwaka 1548, lakini baada ya hapo lugha ikabaki kwenye mambo ya dini miaka na miaka. Mkulima akipelekwa mahakamani anahukumiwa kwa lugha asiyoielewa, karatasi ya shamba lake imeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Mwaka 1809 Mrusi akaichukua Ufini toka kwa Mswidi, ikawa himaya ndogo yenye sheria zake chini ya mfalme wa Urusi, na wasomi wachache wakaanza kujiuliza swali zito, kwamba sisi Waswidi sio tena, Warusi hatutaki kuwa, sasa sisi ni nani?

Hapo ndo anaingia Elias Lönnrot, mtoto wa fundi cherehani, daktari wa wilaya huko Kajaani, ambaye alikuwa anatembea kwa miguu na wakati mwingine kwa ski mpaka Karelia, eneo la mashariki mpakani na Urusi, anakusanya nyimbo za wazee ambao hawajui kuandika. Akaziunganisha, toleo la kwanza la Kalevala likatoka 1835, lile kubwa likatoka 1849 lina tungo 50 na mistari 22,795. Wengi wanaishia hapo, kwamba Wafini wana utenzi wa taifa. Mimi kilichonigusa zaidi ni kazi yake nyingine isiyosifiwa sana. Mwaka 1839 aliwaandikia wakulima kitabu cha matibabu ya nyumbani kwa lugha yao, na akatunga maneno ambayo hayakuwepo, ya fasihi, ya sarufi, ya mishipa ya damu. Daktari anakaa anajiuliza huyu mkulima nitamwambiaje habari ya mishipa yake kwa lugha ya mama yake. Hayo maneno yanatumika hospitali za Ufini leo hii, hakuna anayekumbuka kwamba kuna siku yalikuwa mapya na ya ajabu masikioni.

Na wameendelea hivyo. Kompyuta wanaiita tietokone, mashine ya maarifa, umeme wanauita sähkö, neno lililotungwa katikati ya karne ya 19 wakati vijijini kwao hakuna hata taa moja ya umeme. Sisi tulitungiwa ngamizi na tarakilishi, tukazicheka, na sioni aibu kusema kompyuta, lakini nadhani tofauti haipo kwenye neno lenyewe. Neno lao lilikuwa na pa kwenda. Lilikuwa linasubiriwa na mwalimu wa sekondari, na mwandishi wa gazeti, na mhandisi, wote wanafanya kazi kwa Kifini. La kwetu lilizaliwa likaishia kwenye kamusi kwa sababu ukishafika kidato cha kwanza darasa limehamia Kiingereza.

Kwa Mswahili Kifini kina vitu vinavyofanana na nyumbani, nilipoanza kozi nilikuwa nashangaa. Yeye wa kike na yeye wa kiume ni neno moja tu, hän, kama letu. Neno la kigeni likiingia wanalimalizia na irabu kama sisi, filmi ni filmi, hoteli wanaiita hotelli, posta wanaiita posti. Wenzangu wa darasani Wazungu walikuwa wanahangaika na viambishi nyuma ya neno, mimi niliyelelewa na "hatutawapikia" sikuona maajabu. Na wao upande wao wametushughulikia kwa heshima, Chuo Kikuu cha Helsinki kimefundisha Kiswahili miaka mingi, na profesa Arvi Hurskainen pale alitengeneza programu ya kuchambua Kiswahili kwa kompyuta akaiita SALAMA, na kuna hazina ya matini za Kiswahili yenye mamilioni ya maneno, wataalam wa kwetu wanaitumia. Sishangai kazi hiyo ilifanyika Helsinki. Watu waliohangaika na lugha ndogo isiyo na ndugu karibu, ukiacha Waestonia na ndugu wengine wachache, walishajua lugha inahitaji vifaa, mapenzi peke yake hayatoshi.

Ila isije ikaonekana kama lugha ilipanda yenyewe kwa uzuri wake. Mwaka 1850 serikali ya mfalme wa Urusi ilipiga marufuku kuchapisha kwa Kifini kitu chochote kisichokuwa cha dini au cha kilimo na uchumi wa nyumbani, waliogopa mkulima akisoma habari za mapinduzi ya Ulaya, Kiswidi hawakukigusa. Mtu akikuambia lugha ya wananchi haina nguvu mkumbushe hilo katazo. Aliyeongoza vita ya lugha ni J. V. Snellman, ambaye mwenyewe lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kiswidi, akawa anawaambia wasomi wenzake ni nyinyi mnaotakiwa kubadilika, mkulima hana cha kubadilisha. Mwaka 1863 mfalme Alexander wa Pili akasaini amri kwamba ndani ya miaka 20 Kifini kiwe sawa na Kiswidi kwenye ofisi na mahakama kwa mambo yanayowahusu wenye lugha hiyo. Mwaka huohuo Jyväskylä ikafunguliwa seminari ya walimu ya kwanza ya Kifini, chini ya Uno Cygnaeus, na pale mjini tayari palikuwa na sekondari ya kwanza ya Kifini toka 1858. Nimepita mbele ya yale majengo mara nyingi nikitoka kazini alfajiri, matofali mekundu, theluji, na nilikuwa nawaza huo mpangilio wao: walimu kwanza, sekondari kwanza, halafu ndo sheria ikakuta watu wapo.

Halafu kuna jambo linalonisumbua na siwezi kulipitia juujuu. Huyohuyo Snellman ndo alikuwa anasimamia fedha za nchi wakati wa njaa. Alikuwa ametoka kuifunga thamani ya sarafu mpya, markka, kwenye madini ya silva, na akachelewa kukopa nje kununua nafaka, mkopo ulipopatikana majira ya baridi yalikuwa yanaingia na bahari inaganda, meli hazipiti. Aliipigania lugha ya mkulima kwa dhati, na mkulima akafa njaa akiwa mikononi mwake. Mimi sioni kwamba moja inafuta lingine. Naona inaonyesha lugha peke yake ina mwisho wake, unaweza kumpa mtu haki ya kusomewa hukumu kwa lugha yake na bado akawa hana mahali pa kulima.

Kabla sijafika kwenye shamba niseme kidogo kuhusu majina. Tarehe 12 mwezi wa tano 1906, miaka mia toka azaliwe Snellman, makumi ya maelfu ya watu waliacha majina ya ukoo ya Kiswidi wakachukua ya Kifini, na zoezi likaendelea miaka mingi. Martti Ahtisaari tunayemfahamu sisi, aliyekuwa balozi wao Dar es Salaam kuanzia 1973, aliyesimamia uhuru wa Namibia akaja kuwa rais na kupewa Nobeli ya amani 2008, ukoo wake ulikuwa unaitwa Adolfsen, ulitoka Norwei, baba yake ndo alibadilisha. Na 1906 hiyohiyo Wafini wakapata bunge la watu wote, wanawake wanapiga kura na kugombea, uchaguzi wa 1907 wakaingia wanawake 19 kwenye viti 200, hakuna nchi iliyokuwa imechagua wanawake bungeni kabla yao.

Lakini ndani ya hilo bunge zuri swali la shamba halikutatuliwa. Vijijini kulikuwa na torppari, mpangaji wa shamba ambaye kodi analipa kwa siku za kazi kwa mwenye ardhi, ameng'oa visiki yeye, amejenga nyumba yeye, na siku mwenye ardhi akisema toka anatoka. Mtu wa pwani ya Kenya hahitaji kuelezwa zaidi, anawajua maskwota. Chini yake kulikuwa na wasio na chochote kabisa. Kwenye shamba kubwa la Laukko wapangaji waligoma mwaka 1906, wakafukuzwa kwenye nyumba zao na polisi. Bunge lilikuwa linapitisha mambo, mfalme wa Urusi analivunja, wenye mashamba wanavuta muda, miaka ikaenda.

Uhuru ukaja tarehe 6 Desemba 1917, na wiki saba baadaye wakaanza kuuana. Upande mmoja Wekundu, wafanyakazi na wengi wa hawa wasio na ardhi, upande mwingine Weupe, wenye mashamba na tabaka la juu, chini ya Jenerali Mannerheim, ambaye Kifini chake kilikuwa cha kubabaisha. Kuanzia mwishoni mwa Januari mpaka katikati ya Mei 1918 na kambi za wafungwa zilizofuata walikufa watu karibu 38,000 kwenye nchi ya milioni tatu, na wengi hawakufa vitani, walipigwa risasi baada ya kukamatwa au walikufa kwa njaa na magonjwa kambini. Mji wa Tampere mpaka leo ukiongea na wazee kuna familia zinajua babu alikuwa upande gani na hawalisemi kwa sauti kubwa.

Na hapa ndo sehemu ambayo naona wachambuzi wetu wanairuka. Walioshinda, miezi mitano tu baada ya vita, Oktoba 1918, wakapitisha sheria ya kumpa torppari haki ya kununua shamba analolilima, kwa bei za mwaka 1914 wakati thamani ya hela ilikuwa imeshaanguka, kwa hiyo ilikuwa bei ya chini sana. Mwaka 1922 ikaja sheria nyingine ya ardhi, ya mwanasiasa Kyösti Kallio, kwa wale wasiokuwa hata na upangaji. Yaani umemshinda mtu kwa bunduki, halafu unampa kile alichokuwa anakidai. Sisemi walifanya kwa huruma, waliogopa, jirani yao Urusi alikuwa Lenin, na kambi za wafungwa zilikuwa doa ambalo halijafutika. Ila walielewa kwamba mtu asiye na kitu hawezi kuilinda nchi. Desemba 1926, haijafika hata miaka tisa toka vita, Väinö Tanner wa chama cha wafanyakazi akawa waziri mkuu. Na Stalin alipovamia tarehe 30 Novemba 1939 alikuwa ameandaa serikali ya vibaraka akitegemea wale Wekundu wa zamani wataipokea, hawakuipokea, wakapigana siku 105 bega kwa bega na watoto wa Weupe. Kwa maoni yangu ile vita ya theluji ilishindaniwa kwenye ofisi za ardhi miaka 20 kabla.

Hata hivyo sehemu kubwa ya Karelia waliyokuwa nayo waliipoteza. Watu zaidi ya laki nne wakahama na ng'ombe wao na picha za ukutani. Mwaka 1945 ikaja sheria nyingine ya ardhi, serikali, makanisa, makampuni na wenye mashamba makubwa wakakatwa vipande wakapewa wakimbizi na askari waliotoka vitani, na sheria ikaweka sharti kwamba ugawaji usivuruge uwiano wa lugha kwenye maeneo ya wanaoongea Kiswidi. Nchi imetoka kushindwa vita, inalipa fidia kwa Urusi mpaka 1952, na bado inakumbuka lugha ya walio wachache, ambao leo ni kama 5 kwa 100 na wana haki ya kutumia Kiswidi mahakamani, na wana chuo kikuu na kikosi cha jeshi kwa Kiswidi.

Baada ya hayo yote ndo shule tunayoiona. Chakula cha bure kwa kila mtoto kuanzia 1948, Alhamisi ni supu ya njegere, shule moja kwa watoto wote kwa sheria ya 1968 iliyoanza kutekelezwa Lapland, kaskazini kabisa, 1972 ikashuka kusini mpaka ikafika Helsinki 1977, walimu wenye shahada ya pili kuanzia 1979. Mtoto wa torppari na mtoto wa daktari wamekaa dawati moja kwa sababu babu zao walikuwa wameshamaliza ule ugomvi. Na sasa hivi matokeo yao yanashuka, hesabu kwenye PISA, ule mtihani wa kulinganisha wanafunzi wa nchi mbalimbali, walikuwa 548 mwaka 2006, mwaka 2022 wakapata 484, sababu ni nyingi ila mojawapo naijua kwa macho. Zaidi ya kumi katika kila mia wanaongea nyumbani lugha ambayo sio ya pale, na pengo kati ya watoto hao na wenyeji ni kubwa. Nilikuwa na majirani Wakongomani waliokuja kama wakimbizi, Kiswahili cha Kivu, watoto wanne, masomo ya lugha ya mama waliyopangiwa yalikuwa masaa mawili kwa wiki, baada ya shule, mtaa mwingine, na mwalimu akiondoka hakuna mwingine. Huyo mama alikuwa ananiuliza, kaka, hawa watoto wataongea na bibi yao kwa lugha gani?

Na kabla ya Wakongomani na Wasomali kulikuwa na Wasami. Hawa ndo walioishi kaskazini kabla mtu hajachora mpaka, wako kama elfu kumi Ufini, lugha tatu. Taifa lililojengwa na mkulima aliyedharauliwa kwa ajili ya lugha yake likawachukua watoto wa Wasami likawaweka bweni, wakisikika wanaongea Kisami wanaadhibiwa, wakatoka pale hawataki tena kuwafundisha watoto wao. Miaka ya 1990 Kisami cha Inari, halmashauri moja ya huko kaskazini, kilikuwa karibu kimebaki na wazee tu. Mwaka 1997 wakaanzisha chekechea ambayo mlezi haongei kitu kingine, wazo wamelichukua kwa Wamaori wa New Zealand, wanaiita kiota cha lugha, na wale watoto wa kwanza sasa ni watu wazima, wengine ni walimu.

Nilifika Inari mwezi wa pili, nyuzi 27 chini ya sifuri. Bango la ofisi ya halmashauri lina mistari minne, Kifini na Kisami cha aina tatu, ndo halmashauri pekee ya namna hiyo Ufini nzima. Nikapiga picha, nikafurahi kweli. Kijana aliyenipa lifti kurudi kituo cha basi, kwao wanafuga renidia, wale wanyama wa baridi wenye pembe kubwa, akaniambia bango ni zuri, akanyoosha mkono kushoto kwenye msitu na kulia kwenye ziwa lililoganda, akasema hii ni ya serikali, na hii ni ya serikali. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za ardhi ya Wasami kule kaskazini ni mali ya serikali, na ule mkataba wa kimataifa wa 1989 wa haki za watu wa asili juu ya ardhi zao Ufini haijauridhia, bunge baada ya bunge wanausogeza mbele.

Lugha wameanza kuwarudishia, shamba bado.